Kushusha Gari si Kulitengeneza

Pamezuka mtindo miongoni mwa vijana wetu wa Mwambao wa kununua Subaru Impreza kuukuu, zile saluni zenye tabo na injini ya lita mbili zilizoanza kuundwa Japani mwaka 1992, kisha jambo la kwanza analolifanya kijana akishapewa ufunguo ni kumwendea fundi akamwambia, “Nilalishie gari hili.” Hajatazama breki, hajatazama mipira, hajui kama shokamzoba za gari lile zingali na uhai au zilikwisha kufa zamani. Analotaka ni tairi liingie ndani ya bodi, gari likae chini kama paka anayenyemelea panya, na wapita njia wageuze shingo.

Huenda wapo wasomaji watakaoshangaa kuona habari za springi katika ukurasa huu ambao aghalabu huzungumzia mashairi, arusi na mila. Nami nawauliza, ni arusi gani siku hizi isiyokuwa na msafara wa magari? Ni Idi gani ambayo vijana hawapakiani watano watano wakaelekea Mtwapa na Kilifi? Gari limekwisha kuwa pambo katika maisha yetu kama vile kanzu na kofia ya vito, na tofauti ni kwamba kofia ikishonwa vibaya haimuui mtu.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya vyombo hivi. Springi kazi yake ni kubeba uzito wa gari na kuliacha gurudumu lipande na kushuka lifuate ardhi. Shokamzoba, ambayo mafundi wetu wamezoea kuikata wakaiita shoki, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kubonyezwa. Mkokoteni wa hamali hauna kimoja wala kingine, na kila aliyeusikia ukipita juu ya mawe anajua matokeo yake. Springi bila shoki nzima ni kama chombo kisicho na farumi: wimbi moja likikipiga, kinakwenda mrama, na kabla hakijatulia lipo jingine. Gurudumu likiwa hewani halishiki barabara, na lisiposhika barabara halipigi breki wala halifuati usukani. Kwa hiyo ubora wa gari la mbio si ugumu wake wala ufupi wake. Ubora wake ni magurudumu manne yakae chini daima, njia iwe nzuri au mbovu.

Wenye kupenda kushusha magari wana hoja, na haifai tuipuuze. Husema kwamba gari likishuka, kitovu cha uzito wake nacho hushuka, na kwa hivyo halilali sana kwenye kona. Maneno haya ni ya kweli, na katika viwanja vya mashindano vyenye lami laini kama sahani magari hushushwa kwa sababu hiyo. Lakini ukweli huo una mwenzake ambao hausemwi. Impreza hizi zimejengwa kwa mtindo uitwao MacPherson, mbele na nyuma, ambao shoki yenyewe ndiyo nguzo inayolishika gurudumu kwa juu, na kwa chini hushikwa na mkono wa chuma. Kiwandani mkono huo hupangwa ukae karibu na usawa, au ukielekea chini kidogo upande wa gurudumu. Ukilishusha gari sana, mkono hugeuka ukaelekea juu, na ile nukta ambayo bodi hujigeuza juu yake kwenye kona huzama chini kwa upesi kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Matokeo ni kwamba gari lililoshushwa kupita kiasi hutaka kulala zaidi kwenye kona, na mwenyewe hapana budi aongeze ugumu wa springi ili kuuzuia mrama alioutengeneza kwa mkono wake. Tairodi nazo hupoteza pembe zake, na gari likipiga shimo usukani huvuta upande bila ya kuamrishwa. Juu ya hayo, magurudumu huinamia ndani na mpira huliwa upande mmoja hata ukaonekana uzi.

Tufanye hesabu ndogo, hesabu ya dukani tu. Jaalia springi ya nyuma hubonyea milimita moja kwa kila kilo mbili na nusu, na gari likiwa tupu shoki ina nafasi ya milimita 80 kabla haijagonga kile kizuizi cha mpira kilicho ndani yake. Kijana amelishusha gari milimita 40, basi nafasi iliyobaki ni 40. Sasa nyuma wameketi mama yake, shangazi yake na dada yake, kila mmoja kilo 70. Jumla ni kilo 210, na tukisema takriban zote zinayaangukia magurudumu mawili ya nyuma, kila moja limepata 105. Gawanya kwa mbili na nusu, utapata milimita 42. Maana yake ni kwamba gari limekwisha kukaa juu ya kizuizi kabla halijaondoka mlangoni! Hata akitia springi ngumu zaidi, ya kilo tatu na nusu kwa milimita, shehena ile ile itamlia milimita 30, na atakuwa amebakiwa na kumi tu za kupigia matuta yote ya kutoka Kongowea mpaka Kilifi. Kigongo cha kwanza kitaupiga uti wa mgongo wa mama mzazi, na kwenye kona yenye shimo gari litaruka badala ya kufuata njia.

Ajabu kubwa ni kwamba gari hili sifa zake zimejengwa papa hapa kwetu, tena likiwa limeinuliwa. Mwaka 1994 Mkenya mwenzetu Patrick Njiru aliendesha Impreza katika mashindano ya Safari akamaliza wa nne. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa gari la jina hilo hilo. Magari yale ya Safari hayakulazwa. Yaliinuliwa juu, yakapewa shoki zenye mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, kwani waliokuwa wakiyatengeneza walijua kwamba katika njia za mawe na makorongo mwenye kushinda ni yule ambaye magurudumu yake yana nafasi ya kufanya kazi. Kijana wetu hubandika rangi ya buluu na nyota za manjano za magari yale, kisha akaliweka gari lake katika umbo ambalo lisingevuka hata korongo moja la Safari.

Kuna ubaya mwingine ambao ni mkubwa kuliko huo, nao ni kukata springi. Fundi huchukua grenda, au moto wa gesi, akaipunguza springi duru moja au mbili, akapokea ujira wake. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, kwa sababu duru zilizobaki ni chache, lakini pia huwa fupi, na gurudumu likining'inia shimoni springi hulegea ikacheza katika kikalio chake. Ikirudi, huenda isirudi mahali pake. Na iliyokatwa kwa moto hupoteza nguvu ya chuma chake pale penye joto. Shoki nazo ni zile zile za zamani, zilizopimwa kwa springi laini, basi haziwezi kuituliza hii ngumu. Mshairi anajua kwamba vina vizuri haviliponyi shairi ambalo mizani zake zimepotea, na springi na shoki ni hivyo hivyo: ni lazima zipimane.

Isidhaniwe kwamba nawasifu wenye kwenda upande wa pili. Wapo wanaotia vipande vinene vya mpira au aluminiamu juu ya shoki ili gari liinuke, nalo husimama kama limepanda mchuchumio. Kipande chembamba huvumilika. Kinene huziharibu pembe za shafti na boli jointi, na sivi jointi zikianza kugonga kila ukikata kona, ujue umekwisha kuzilipia gharama mara mbili. Tena gari refu lisilokuwa na shoki imara huenda mrama kuliko lile fupi.

Basi mwenye gari la namna hii afanyeje? Rai yangu ni kwamba fedha zifuate utaratibu. Gari la miaka 25 na zaidi halihitaji kwanza kuboreshwa. Lahitaji kurudishwa lilivyokuwa. Tazama mipira, kisha bushi za mikono, boli jointi, tairodi na vile vikalio vya juu vya shoki. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma polepole pasipoonekana, hasa chini ya kikalio cha springi ambapo maji na mchanga hutuama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi waliodhani kwamba gari lao ni laini mno, ugonjwa wao ulikuwa ni bushi zilizokwisha, na bushi mpya zingewatosha.

Pili, badilisha shoki, mbili mbili kwa kila upande wa mbele au nyuma, usibadilishe moja ukaiacha nyingine. Shoki iliyolowa mafuta kwa nje imekwisha. Ukilibonyeza gari pembeni ukaliachia, nalo likapanda na kushuka mara mbili tatu kabla ya kutulia, shoki hiyo pia haina kazi. Hapa ndipo pa kutoa fedha nyingi kuliko pengine pote, na pa kununua chapa za kuaminika kama KYB, Koni au Bilstein kutoka kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa kitu kibovu.

Tatu, ukiwa bado unaona gari linalala kwenye kona, angalia ule mwamba wa chuma unaounganisha gurudumu la kulia na la kushoto kabla hujafikiria springi. Mwamba mzima wa milimita 20 ukibadilishwa kwa wa 22, ugumu wake huongezeka karibu nusu, na urefu wa gari haukuguswa. Lakini usiwe mnene kupita kiasi, maana shimo la gurudumu moja litamsumbua na mwenzake.

Ama zile koilova, ambazo springi na shoki huja pamoja na nati ya kupandishia na kushushia, ni vyombo vizuri zikiwa bora. Tafuta zile ambazo urefu hubadilishwa kwa kuusogeza mguu wa chini wa shoki, kwani hizo hukuachia mwendo wake wote. Zile za rahisi zinazosogeza kikalio cha springi peke yake hukushushia gari kwa kula nafasi ya shoki. Nazo zote zataka kusafishwa na kupakwa grisi, la sivyo chumvi itazigandisha nati zake na hutaweza kuzigeuza tena.

Sasa urefu. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, usipime kutoka ardhini, kwa sababu mpira uliokwisha na upepo mchache hudanganya. Andika vipimo vyote vinne kabla ya kazi na baada yake. Kwa mwenye kukaa huku kwetu naona urefu wa kiwandani ndio bora, na asiyeweza kuishinda nafsi yake asishushe zaidi ya milimita 15 au 20, kwa springi zilizotengenezwa kwa gari hilo na shoki zinazolingana nazo. Kisha magurudumu yapangwe upya kwa mashine, na taa zielekezwe upya zisiwapofushe wanaokuja. Mwenye bima naye aarifiwe, asije akapata sababu ya kukataa kulipa siku ya shida.

Atakayebisha na aende Likoni maji yakiwa yamekupwa, pale mteremko wa kuingilia feri unapokuwa mkali, atazame magari yaliyolazwa yanavyokwaruza matumbo huku foleni nzima ikingoja. Au angoje mvua za masika, aone ni nani anayepita penye maji na ni nani anayesukumwa.

Na ninyi wazazi, kijana akija kutaka fedha za kulitengeneza gari, msimkatalie moja kwa moja, kwa kuwa kupenda chombo kizuri si dosari. Muulizeni tu maswali mawili: shoki zina hali gani, na gari likiwa na watu watano limebakiwa na nafasi ya milimita ngapi? Asiyekuwa na majibu hajawa tayari kupewa fedha, wala kukabidhiwa roho za watu usiku wa arusi. Kiti cha nyuma ni amana, na anayeketi hapo hakuulizwa kama anapenda gari liwe chini au juu.