Sio wote tulikaa kwenye kochi

Nimepotea kidogo, mambo ya testi mnayajua wenyewe. Leo nina dukuduku, nisipolitoa hapa nitagombana na mtu kimbweta.

Juzi tulikuwa na zoezi la kufundishana darasani. Mshikaji mmoja akapanda mbele kufundisha hesabu za sehemu, akaanza na Tom na Jerry wanagombania kipande cha jibini. "Kila mtoto anawajua hawa," akasema. Basi darasa likalipuka! Dakika kumi zikaenda kwenye kumbukumbu: Orijino Komedi ya TBC1, Joti akivaa kibibi, Isidingo ya ITV na mama zao sebuleni, nani bado anaweza kuimba tangazo la sabuni mpaka mwisho. Lekchara naye akachangia. Mwishowe mshikaji akapata maksi za juu kwa sababu mfano wake "umegusa uzoefu wa watoto wote".

Watoto wote wa wapi jamani?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba na mimi nilicheka. Nilicheka kabisa, kama vile nakumbuka. Huo uongo nimeufanya tangu mwaka wa kwanza, maana ukisema hukuona wanakuangalia kama umetoka mwezini.

Ukweli ni huu. Nimekulia kijijini, Sengerema. TV ilikuwa moja, ile ya chogo, inaendeshwa na betri ya gari ambayo ilipelekwa senta kwa baiskeli kuchajiwa. Mwenye nyumba alikuwa na masharti: unawe miguu, ukae chini, na mkizidi kumi wengine nje. Mimi nilikuwa wa nje. Nimeangalia Futuhi ya Star TV kwa jicho moja kwenye upenyo wa dirisha, na chakula kikiiva pazia linavutwa. Halafu matangazo yakianza alikuwa anazima kubana chaji! Sasa hayo matangazo mnayotaka niimbe ningeyajulia wapi? Tangazo nililokua nalo ni ukuta wa duka, uliopakwa nyekundu baada ya Zain kuwa Airtel mwaka 2010. Ule ukuta haukuwa na wimbo.

Kisha ikaja habari ya ving'amuzi. Dar walizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, na mapema 2013 ikafika zamu ya Mwanza. Kwenye magazeti ilikuwa ni maendeleo, picha safi, chaneli nyingi. Kwetu ilikuwa chenga tupu. Mwenye TV hakuwa na hela ya king'amuzi, akaifunika kitambaa, ikawa meza ya kuwekea redio. Mwaka uliofuata, 2014, Ubongo Kids ikaanza kurushwa TBC1: katuni iliyotengenezwa hapa hapa Dar, inafundisha hesabu kwa Kiswahili. Yaani kile ambacho mtoto wa dirishani alikihitaji kuliko wote kimekuja akiwa ameshazimiwa! Nimekuja kuiona chuoni, kwenye simu, nikiwa na miaka ishirini. Ni nzuri sana. Nilitaka kulia.

Na wale wakubwa wanaosema "TV za enzi zetu zilikuwa na maadili", nao nawauliza, enzi zipi? Zanzibar sawa, walikuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi. Huku Bara ITV imeanza 1994. Kabla ya hapo mkubwa wa Bara alilelewa na redio, asitupige kamba.

Najua kuna mtu atasema nina kinyongo. Ninacho, sikatai. Lakini na mimi si malaika. Mjomba aliponunua TV na king'amuzi mwaka 2015, kazi ya kukaa mlangoni nilipewa mimi, na nilihesabu miguu michafu kwa raha zangu zote. Kuna mdogo mmoja nilimfungia dirisha usoni, nikamwambia akaangalie kwao. Kwao hapakuwa na hata taa. Ndio maana nasema hii "sisi sote" naijua kutoka pande zote mbili. Ukiwa ndani hata huoni kama kuna watu nje.

Mwingine atasema siku hizi watoto wote wana simu. Nenda kijijini uone. Simu ni ya baba, baba yuko machimboni, na bando akiweka ni la mia tano la kuzungumzia biashara.

Mwezi wa saba tunasambaa mashuleni kwa TP. Tutaenda na hizi Tom na Jerry zetu, tutauliza "nani hamjui?", na mtoto wa dirishani hatanyoosha mkono. Atacheka kama nilivyocheka mimi. Somo litampita, halafu tutaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito kuelewa. Hapo ndipo ninapokasirika, sio kwenye katuni yenyewe.

Mshikaji nimeshamwambia uso kwa uso. Kaninunia, anasema nimemharibia siku yake. Sawa. Lekchara bado sijamfuata, nakusanya ujasiri.

Kesho zamu yangu, na mimi nafundisha hizo hizo sehemu. Nimenunua miwa miwili pale getini, mmoja umeshaliwa na wana rumu. Ngoja nikaandike andalio la somo kabla umeme haujakatika.