Chupa ya mvinyo haihitaji taa ya duara

Leo tuache kidogo ubwiriunga na bei ya mbolea. Nataka tuongee kuhusu picha.

Zabibu za Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika kilio ni kilekile: bei ya kilo iko chini, mnunuzi haonekani. Ndiyo maana baadhi yenu mmeamua kusindika wenyewe, huku wenzenu wa Manyoni na Kondoa wakijaza asali kwenye chupa za kioo. Safi kabisa. Ila picha mnazorusha WhatsApp zinawaangusha. Mteja aliyeko Dar es Salaam hawezi kuonja, ana hiyo picha tu. Akiona kitu cheusi chenye doa jeupe katikati, anapita.

Wapo watakaosema afisa ugani na picha wapi na wapi. Mbona kupanga mazao kwa madaraja tunafundisha? Daraja lisiloonekana halilipwi.

Msimamo wangu ni huu, na wauza vifaa watanisamehe: ile taa ya duara ya watengeneza video ni kifaa kibaya kuliko vyote kwa chupa. Nzuri kwa uso wa mtu, sikatai. Kioo kina tabia nyingine. Simama ukingoni mwa bwawa la Hombolo asubuhi maji yakiwa yametulia: huoni maji, unaona mbingu. Chupa nayo inaonyesha kilichoizunguka. Ukiiwekea taa ya duara mbele, unapata duara jeupe juu ya lebo. Ukiwasha fleshi, unapata nukta kali. Ukiipeleka nje jua la saa saba, unapata nyumba, bodaboda na wewe mwenyewe umeinama na simu.

Kwa hiyo mwanga utoke nyuma ya chupa. Tafuta dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja wakati huo, litandikie shuka jeupe lisilo na mikunjo. Weka meza hatua moja hivi kutoka dirishani, chupa juu yake, wewe upande wa pili. Zima balbu ya ndani, maana mwanga wake ukichanganyika na wa dirisha rangi zinavurugika. Hapo asali inawaka yenyewe, na mvinyo mweupe unaonekana ulivyo.

Shida mbili zitajitokeza. Kwanza, kingo za chupa zitamezwa na weupe wa shuka. Simamisha vipande viwili vya manila nyeusi, kimoja kila upande, karibu na chupa lakini nje ya picha. Kioo kitaakisi weusi ule na utaona mistari miwili imechora umbo la chupa kama kwa kalamu. Ukivisogeza, mistari inanenepa au inakonda. Chezea hapo mpaka uridhike. Pili, lebo itakuwa gizani. Shika manila nyeupe pembeni ya simu, irudishie lebo mwanga.

Mvinyo mwekundu kwenye chupa ya kijani ni mkaidi. Hata ukiumulika kwa nyuma utaonekana kama oili chafu ya trekta. Mimina kidogo kwenye glasi, weka pembeni ya chupa. Pale mvinyo ulipo mwembamba mwanga unapita, na wekundu unajitokeza.

Simu yoyote yenye kamera ya kawaida inatosha. Futa lenzi. Usiisogeze puani mwa chupa, maana kwa karibu umbo linapinda. Rudi nyuma, kisha vuta picha mara mbili. Simu iwe usawa wa katikati ya chupa. Gusa lebo kwenye kioo cha simu, halafu punguza mwanga mpaka maandishi yasomeke. Na vumbi letu hili la Dodoma mnalijua: futa chupa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ishike kwa kitambaa hichohicho, la sivyo alama za vidole zitaonekana zote.

Hapa sasa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu: filta. Asali yako ni ya kahawia iliyokolea, wewe unaigeuza dhahabu ili ifanane na ya dukani. Mzigo ukifika, mteja anafungua boksi, anaona rangi nyingine, anadhani umechakachua. Asali ilikuwa halisi, na bado umeitwa tapeli. Kama imeanza kuganda, ipige picha ikiwa imeganda na uandike hivyo. Mnunuzi anayejua asali hatakimbia.

Halafu piga picha ya pili, ya lebo peke yake, kwa karibu: ujazo, tarehe, na alama ya TBS kama unayo. Wenye maduka huitazama hiyo kabla ya kuuliza bei.