Zawadi ya shamba yenye sababu haramu si zawadi

Nilizaliwa na kusoma Mishamo, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Niliporudi nyumbani mwaka 2008, mzee mmoja wa kilimani kwetu alinijia na ombi. Alisema anaijua mipaka ya shamba la marehemu baba yangu na yuko tayari kuitaja mbele ya wasuluhishi, ila kwanza nimwandikie kipande cha upande wa mtoni. "Tutaandika kwamba ni zawadi, mwalimu. Nani atauliza?"

Ndugu msomaji, sheria inauliza. Dekreti ya mwaka 1888 kuhusu mikataba, tuliyorithi kutoka kwa Wabelgiji, inataka mambo manne: ridhaa, uwezo wa kisheria, kitu kinachojulikana na sababu halali. Sababu ni haramu ikiwa imekatazwa na sheria, au inapingana na maadili mema au amani ya umma. Ahadi yenye sababu ya namna hiyo haina nguvu yoyote. Kununua ushahidi kwa shamba ni sababu haramu, hata karatasi iwe na saini na mihuri mitatu.

Wapo watakaosema kuwa ni mila, kwani tangu zamani bashingantahe walipelekewa pombe. Ni kweli, lakini kibuyu kile kilinyweka hadharani na walalamikaji wote wakiona. Shamba linalotolewa gizani na upande mmoja, kabla shahidi hajafungua kinywa, ni rushwa, nayo Burundi ina sheria ya kuipiga vita tangu mwaka 2006.

Batili maana yake mambo yarudi kama yalivyokuwa: shamba kwa aliyelitoa, karatasi ifutwe. Lakini hapa pana mtego. Katika mafundisho ya sheria yenye asili ya Ubelgiji, jaji anaweza kukataa kumrudishia mtu aliyeshiriki uovu huo kwa kujua. Kwa hiyo mrejeaji aliyetoa kipande ili apate kilichobaki anaweza kukosa vyote viwili: shamba na heshima ya kulidai. Aliyepokea naye hajasalimika, kwani anajenga juu ya haki ambayo hana, na watoto wake watarithi kesi.

Mimi nilikataa. Mzee yule akanyamaza kimya, shauri likachukua muda mrefu, na mwishowe tuligawana shamba na familia tuliyoikuta humo. Nilipata nusu, lakini nusu hiyo nalala nayo usingizi. Jirani yangu aliyekubali ombi kama hilo aliona kipande alichotoa kikiuzwa kwa mtu wa tatu, naye hakuthubutu kwenda mahakamani kueleza kwa nini alikitoa.

Sisi tuliorudi tulikuwa na haraka na woga, na mwenye njaa hachagui. Ndiyo maana siwalaumu wote waliotia saini. Ninachoomba ni kwamba ofisi zinazoandikisha zawadi za ardhi zisiishie kuhesabu mashahidi. Mtoaji aitwe peke yake, aulizwe kwa lugha anayoielewa: unampa huyu kwa sababu gani? Mtu anayempa mpwa wake au kanisa lake atajibu bila kusita. Atakayetazama chini, karani aweke muhuri wake mezani.