Mkataba wa mwaka si wa kampuni changa

Tulipoanza kampuni yetu ya ubunifu tulikuwa sita. Kabla hata hatujapata mteja wa pili tukajiunga na programu za ofisini za kulipia kila mwezi: baruapepe yenye jina la kampuni, hifadhi ya faili, mikutano ya video. Mwezi wa tatu wenzetu wawili wakapata kazi kwingine, wakaenda. Bili haikuenda nao. Tuliwalipia hadi mwaka ukaisha.

Nilikasirika, kisha nikasoma mkataba. (Ndiyo, baadaye. Kwani wewe husoma?) "Kila mwezi" ilimaanisha tunalipa kila mwezi, si kwamba tunaweza kuacha mwezi wowote.

Chukua mfano wa Microsoft 365. Hapo huuziwi programu, unakodishiwa, na leseni huhesabiwa kwa kichwa. Ukijifunga kwa mwaka una siku 7 tu za kubadili nia. Baada ya hapo kuongeza watu ni ruksa wakati wowote; kupunguza, ngoja mkataba uishe. Ukitaka uhuru wa mwezi kwa mwezi, bei hupanda kwa asilimia 20 hivi.

Wengi wetu tukiona hiyo asilimia 20 tunakimbilia mwaka. Hapo ndipo tunapojichoma. Mpango wa Business Standard kwa miaka kadhaa ulikuwa dola 12.50 kwa mtu kwa mwezi, yaani dola 150 kwa mwaka. Mtu aliyekaa nawe miezi mitatu kwa bei ya juu ulimlipia dola 45 pekee. Na vijana tunahama kazi sana, tusidanganyane.

Halafu kuna shilingi yetu. Kwa bei hiyo watu sita walikuwa dola 900 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika kama Sh160, hizo zilikuwa Sh144,000. Dola iliposhuka hadi karibu Sh129 mwaka huohuo, zikawa Sh116,100. Watu ni walewale, kazi ni ileile.

Siku hizi waanzilishi pekee ndio tuko kwa mkataba wa mwaka. Wengine wote ni mwezi kwa mwezi, na anayejibu barua tu tunampa mpango mdogo anaoutumia kwenye kivinjari na simu. Tarehe ya mkataba kujirudia nimeitegea kengele kwenye simu, wiki mbili kabla, maana usipouzima unajirudia wenyewe.