Soma Chupa Kabla ya Kupanda Pikipiki

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Basi soma na chupa ya pombe. Bia nyingi huandikwa asilimia 5 hivi. Maana yake, chupa ya mililita 500 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Konyagi huandikwa 35. Kwa hiyo mililita 100 tu za Konyagi zina kilevi kingi kuliko bia nzima. Ndiyo maana viroba vilitudanganya kwa udogo wao, mpaka serikali ikavipiga marufuku Machi 2017.

Na gongo? Haina maandishi yo yote. Hata mpikaji hajui nguvu yake. Tena wako wauzaji wanaoijaza katika chupa za kiwandani. Hapo maandishi ni uongo mtupu. Tazama kizibo kwanza.

Usiku mmoja nilimshona kichwa kijana wa pikipiki aliyetoka Bunda kwenda Butiama. Akasema, "Daktari, nimekunywa glasi mbili tu." (Mimi si daktari, lakini sikubishana.) Glasi mbili za nini? Hakujua. Abiria wake alivunjika mguu, tukampeleka Musoma. Yeye hakuwa amekunywa hata tone.

Ini huchukua saa mbili au zaidi kuondoa kilevi cha bia moja. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi. Mimi naona mwenye safari asinywe kabisa, hata kama chupa inasema kweli.

Nawe abiria, ukisikia harufu ya pombe kwa dereva, shuka. Nauli utaidai baadaye.