Jaji na shamba la ukoo

Ndugu Mhariri,

Hapa Mabatini nasikia wengi wakidai kuwa kazi ya jaji ni kuisoma sheria ilivyoandikwa, basi. Natamani wangeisoma hukumu ya Jaji James Mwalusanya, iliyotolewa na Mahakama Kuu hapahapa Mwanza mwaka 1990.

Bibi mmoja wa Kihaya, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Jamaa yake wa ukoo akashtaki. Maandishi yalikuwa upande wa jamaa huyo: kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Lakini haki za binadamu zilikwishaingia kwenye Katiba, na sheria ya mpito ya mwaka 1984 iliagiza mahakama zisome sheria za zamani kwa marekebisho yatakayozipatanisha na haki hizo. Jaji akaamua mwanamke auze kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Ukoo nao (hili husahauliwa) uliachiwa nafasi ya kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake.

Je, alijitungia sheria? Sioni hivyo. Bunge lenyewe ndilo lililompa kipimo.

Kinachoniudhi ni kwamba hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama kisheria. Mahakama itafsiri na hukumu kongwe kama hii, wajumbe wa mabaraza ya kata wanaosuluhisha migogoro ya ardhi wapate kuisoma.

Msomaji wako,
Mabatini, Mwanza