Ajali ni ya Mola, Hisabu ni ya Tabibu



Baada ya swala ya Ijumaa tulijiwa na ndugu watatu waliokuwa wakizozana, nao wameturuhusu tuyaeleze haya. Mama yao ana miaka 82. Kilango cha moyo kinachopitisha damu kwenda mwilini kimekakamaa na kuwa chembamba mno. Wa kwanza akasema aachwe, ajali haikimbiliwi. Wa pili akataka apasuliwe upesi. Wa tatu akauliza: ataishi muda gani?

Ugonjwa huu ukishaleta kukatika pumzi, maumivu ya kifua au kuzimia, hautoi muhula mrefu. Mwaka 2002, Daktari Alain Cribier wa Ufaransa aliweka kilango kipya kwa kukipitisha mshipani, bila kupasua kifua. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010, wazee 358 wasioweza kupasuliwa waligawanywa makundi mawili. Waliopewa tiba ya kawaida, nusu yao walifariki ndani ya mwaka mmoja. Waliowekewa kilango kwa njia hiyo, asilimia 31 hivi.

Basi tiba yafaa, lakini haimfai kila mtu. Ndiyo maana matabibu hawatazami umri pekee. Humtembeza mzee mita 5. Akizidi sekunde 6, mwendo wake huhesabiwa mzito. Huangalia kama aweza kuinuka kitini bila kujishika, na hupima figo, mapafu, damu, lishe na kumbukumbu. Mzee wa miaka 85 ajitiaye udhu mwenyewe aweza kuwa na tumaini kubwa kuliko wa miaka 75 aliyedhoofu.

Huko si kudai ilimu ya ghaibu. Nahodha hutazama upepo kabla ya kutweka tanga, ilhali hajui litakalomfika. Tena hisabu hiyo ni ya watu wengi. Haimtaji mama yenu kwa jina.

Tukawauliza: “Mama mwenyewe asemaje?” Wakatazamana. Walikuwa wamemficha.

Tulipofuatana nao nyumbani, bibi yule alitwambia hakiogopi kifo. Kilichomchosha ni kulala ameketi na kushindwa kusujudu. Akaomba apimwe kwanza, kisha aamue mwenyewe.

Enyi wenye wazee, muulizeni daktari: akitibiwa, baada ya mwaka atakuwa katika hali gani? Asipotibiwa je? Na madhara gani yaweza kumpata? Kisha jibu mpelekeeni mwenye moyo wake.

Mola awape shifaa wagonjwa wetu. Wallahu a‘lam.